Kiazi Kikuu cha Watu Sita

"Hebu niambie ukweli, Mama Merihna. Huyo mkweo ana mkono wa kulima, au ana bahati?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu Perpetua, siku ya Jumamosi tulipokuwa tunafagia kanisa. Aliuliza huku ameegemea ufagio, kama mtu aliyekusudia kutofagia tena mpaka ajibiwe. Nikamwambia kwa Mungu vyote viwili ni kimoja, nikaendelea kupangusa viti. Lilikuwa jibu la kukwepa na yeye alilijua. Mimi na Perpetua tulipokea Komunyo ya kwanza siku moja, tukiwa tumevaa viatu vya kuazima. Hatudanganyani vizuri.

Swali lake halikutoka hewani. Alhamisi ya juma lile wanaume wa kitongoji walikuwa wamempelekea Mkuu, chifu wetu, viazi vikuu vya kwanza vya msimu, maana kabla yeye hajapelekewa hakuna anayekula. Miaka kumi na moja mfululizo, kiazi kikubwa kuliko vyote kilitoka kwa Kasiano, mume wa Perpetua. Tulishazoea, kama unavyozoea jua kutokea mashariki. Safari hii Kasiano alileta cha watu wanne, yaani kilichofungwa kwenye miti na kubebwa mabegani na watu wanne, tukasema basi, yamekwisha. Ndipo akaja Ersin, mume wa binti yangu Merihna, kijana wa kuja kutoka Kitti, upande wa pili wa kisiwa, mwenye miaka miwili tu kwetu, na kiazi chake kimebebwa na watu sita, mmoja wao analalamika mgongo.

Mkuu akamwuliza kijana amefanyaje. Ersin akainamisha kichwa. "Ni bahati tu, Mkuu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kijana amelelewa huyu. Kwetu mtu hajisifu kwa kiazi chake. Kasiano mwenyewe alisema maneno hayo hayo miaka yote kumi na moja, na kila aliyeyasikia alijua kwamba maana yake ni kinyume: kwamba bwana huyu huwahi jogoo, ana siri zake za udongo, na mkono wake haukosei. Ndiyo maana swali la Perpetua lilikuwa gumu. Mwenye mkono husema bahati. Mwenye bahati naye husema bahati. Utawatenganishaje?

Kwenda kuchungulia huwezi. Kutazama viazi vikuu vya mwenzio vikiwa shambani ni aibu kubwa. Mtu akipita karibu na shamba la mwingine hutazama vidole vyake vya miguu. Wanaume hupanda vichakani alfajiri, kimoja hapa, kingine kule, hata mke hajui vyote vilipo. Mume wangu Damian, Mungu amrehemu, niliishi naye miaka thelathini na mmoja. Alipofariki, sasa ni miaka mitatu na ushee, sikujua ameacha viazi vingapi ardhini wala wapi.

Na jambo lenyewe lilizidi kiazi. Cheo kimoja cha kitongoji kilikuwa wazi tangu mwenyewe alipozikwa, na Mkuu alishatangaza kwamba atakitoa kwenye karamu, baada ya majuma matatu. Watu walimtegemea Kasiano. Baada ya Alhamisi ile wakaanza kumtaja Ersin. Kwa Kasiano kingekuwa cheo juu ya cheo. Kwa Ersin kilikuwa mlango wa nyumba. Mtu wa kuja asiye na cheo hukaa mwisho wa ukumbi wa Mkuu na kuitwa mume wa fulani, na mjomba wake wa Kitti alikuwa ametuma ujumbe mara mbili: rudi, huku una ardhi, huko umekaa kwa wakwe kama nguruwe wa kamba. Merihna alikuwa na mimba ya miezi saba. Ersin aliniambia usoni, bila hasira, kwamba asipopata mahali pa kukaa kama mwanamume atarudi kwao kabla mtoto hajazaliwa, na mkewe atafuatana naye. Mimi sina mtoto mwingine. Kwa hiyo nilikitaka kile cheo kuliko Ersin mwenyewe, nikakiombea kwa rozari, punje baada ya punje.

Jumapili ikaletwa sehemu yetu kutoka kwa Mkuu, maana vinavyopelekwa kwake hugawiwa tena kwa watu. Tulipewa kipande cha kiazi kile kile cha Ersin, heshima hiyo, na juu yake kichwa cha kiazi, kile kipande cha juu kinachochipua, ili mwenyewe akipande tena. Kichwa nikakiweka ukutani. Kipande nikaanza kukimenya.

Kisu kilisimama chenyewe. Chini ya ganda, unene wa uzi, palikuwa na mstari wa zambarau, kisha nyama nyeupe. Nikakata upande wa pili. Zambarau. Nikakwaruza kile kichwa kwa ukucha. Zambarau.

Mimi kupanda sijui, na shule nilikomea darasa la sita. Lakini viazi vya Damian nimevimenya miaka thelathini na mmoja, na viazi vyenye mstari ule sijaviona kwa mtu mwingine. Mbegu alipewa na mjomba wake, na hakumgawia mtu kichwa hata kimoja. Padri aliomba kwa mzaha akanyimwa kwa mzaha. Ersin alipohamia alileta vichwa vya kwao Kitti, vyeupe pe mpaka gandani. Mwaka jana nilimenya vitatu.

Nikapika, tukala. Ersin akasema ni kitamu. Lakini swali la Perpetua lilikuwa limehamia kwangu na kutandika mkeka.

Kesho yake nilimpelekea Ersin chai alipokuwa anachonga mpini wa jembe. Mwanamume haulizwi habari za viazi vyake waziwazi, hata na mama mkwe. Nikaanzia mbali. Nikasema ukame wa mwaka jana ulikuwa mbaya, miezi minne bila mvua, sijapata kuona, sijui waliovuna mwaka huu walifanyaje.

Kijana akafunguka. Alisema alikuwa anachota maji mtoni, ndoo sita kila alfajiri, anapanda nazo kilima, kwa ajili ya shimo moja tu. Vingine aliviacha vife. Hilo moja hakuweza kuliacha kwa sababu mmea wake ulikuwa na nguvu za ajabu.

"Kichwa kimoja kilitoa miche miwili, Mama," akaniambia, na macho yake yalikuwa ya mtoto. "Nikasema hii ni neema. Nikaipandisha yote miwili mtini."

Nikamwuliza mti gani, kwa sauti ya mtu anayetafuta kijiko. Akasita kidogo, halafu akasema ni ule mshelisheli mkubwa, pale penye ukuta wa mawe ulioanguka.

Nikachukua kikombe nikaondoka. Mwaka wake wa mwisho Damian alikuwa akienda kupumzika chini ya mshelisheli ule. Siku moja alirudi na udongo magotini, anahema, nikamgombeza kwamba mgonjwa hachimbi. Akaniambia hakuchimba, alianguka. Nilimwamini kwa sababu alikuwa mwembamba sana.

Siku iliyofuata Ersin alimpeleka Merihna kliniki mjini Kolonia. Nikachukua kikapu na panga nikaenda kwenye ule mti. Sitajitetea. Kwa mwanamume ni aibu. Kwa mwanamke sijui hata inaitwaje. Njiani nilianza Salamu Maria, nikaiacha katikati, maana niliona ni kama kumwomba Mama wa Mungu anishikie ngazi nikaibe.

Shimo lilikuwa bado wazi, kina chake mpaka kifuani pangu. Hatua moja na nusu upande wa juu palikuwa na kikonyo kikavu kilichokatwa, chembamba. Nikachimba kwa panga, kisha kwa mikono. Sikuchimba sana. Kiazi kilikuwa pale, kirefu kama kutoka kiwiko hadi vidole, kimepinda kama mzee. Nikakwaruza. Cheupe pe.

Nikakaa juu ya ukuta ulioanguka. Kilichotokea kilikuwa wazi kama kitabu cha watoto. Damian alikuwa amepanda hapo kiazi chake cha mwisho. Ersin, mgeni, akiona mahali pazuri pasipo na mwenyewe, akapanda chake kando yake bila kujua. Vyote viwili vikachipua, akadhani ni miche miwili ya kichwa kimoja. Alipochimba alifuata kikonyo kinene, akakuta lile jitu, akajua ni lake. Nani amlaumu? Jicho likishaona linachokitaka halitafuti kingine.

Lakini si hilo lililonikalisha pale mpaka kivuli kikanihama. Viazi vile viwili vilinyweshwa ndoo zile zile. Udongo mmoja, jua moja, mti mmoja, mtu yule yule akipanda nazo kilima. Kimoja kikawa cha watu sita, kingine cha kikapu. Je, ni mbegu ya Damian? Ni miaka zaidi ya mitatu ya kulala ardhini? Na bila zile ndoo, je, kisingekauka kikaoza, tusijue hata kama kilikuwapo? Nilijaribu kuvuta uzi wa mkono utoke kwenye uzi wa bahati, na kila nilipovuta mmoja, wa pili ulikuja nao.

Nikakifunika kile kidogo kwa majani, nikakileta nyumbani, nikakificha chini ya magunia. Siku tatu sikusema kitu.

Siku ya pili Perpetua alikuja na shelisheli za kuchoma, na ulimi wake. Alisema wahenga hawakukosea: ukiona vyaelea, vimeundwa. Miaka kumi na moja haiundwi na bahati. Ushindi wa mwaka mmoja una methali yake nyingine: Mungu akitaka kukupa hakuletei barua.

Nikamwambia mbona anahangaika hivyo, si mumewe tayari ana cheo.

Akaketi. Akaniambia, kwa sauti ambayo si ya mtaani, kwamba Kasiano amebadilika. Huenda shambani mchana kweupe, saa ambayo hana kazi huko, anasimama tu. Chakula anakigeuza geuza. "Ananiuliza, 'Nimekosea wapi?' Mimi nitajuaje, dada? Mimi najua alikosea wapi?" Akapangusa uso kwa kanga na kuinuka, akasema shelisheli zisipoe.

Nilikuwa na jibu lake chini ya magunia, hatua nne kutoka alipoketi. Hakukosea popote. Alishindwa na marehemu. Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Ijumaa nikamwita Ersin jikoni, nikaweka kikapu mbele yake na kutoa majani.

Akakitazama. "Umekitoa wapi?"

"Unajua nilikokitoa. Nisamehe."

Hakunigombeza. Alikiokota akakikwaruza, akaona weupe. Nikamwonyesha kile kichwa ukutani, palipokwaruzwa, nikamwambia kilikuwa cha nani. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala ubaya.

"Kwa hiyo nilikuwa namchotea marehemu maji."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ndoo sita."

"Ndoo sita."

Akakigeuza kile kiazi kilichopinda. "Basi mimi nilifanya nini, Mama?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu aliyepewa chombo asichokijua, anatafuta kinashikwa wapi. Nikamwambia bila maji yake kiazi cha Damian kingekufa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sina. Akauliza, na kama angepanda hatua kumi pembeni, angekuwa nani leo? Nikasema hilo nalo silijui. Tukakaa pale wawili, mimi na mkwe wangu, tukilitazama jambo kama watu wanaotazama kisima, kila mmoja anaona maji na hakuna anayeona chini.

Merihna alikuwa mlangoni, mkono kiunoni. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, ungenyamaza. Majuma mawili tu. Baba asingekasirika."

Nikamwambia baba yake asingekasirika, lakini mimi ningepokea Komunyo kila Jumapili na neno hili mdomoni.

"Kiazi chenyewe ulikimeza bila shida," akasema binti yangu. "Na neno ungelimeza."

Ni kweli, nilikula vipande viwili. Nikamgeukia Ersin nikamwambia kwamba kwangu halitoki. Aliyekipeleka kiazi kwa Mkuu ni yeye, neno ni lake. Na nilipolisema hilo nilijua vizuri ninachoweka mezani: akisema, cheo kimekwenda, na baada ya cheo atakwenda yeye, na binti, na mjukuu ambaye sijamwona.

Akachukua kikapu akatoka nacho. Majuma mawili hakulizungumza. Nilimwona akifunga nguo kwenye sanduku, kisha siku nyingine akizitoa.

Siku ya karamu mvua ilikuwa ya kwetu hasa, ile isiyo na haraka ya kwenda. Vijana waliponda mizizi ya sakau, kinywaji chetu cha heshima, juu ya mawe, mawe yakilia kama kengele, na kinywaji kikaanza kuzunguka kwa kifuu, kwanza kwa Mkuu aliyeketi jukwaani, kisha kwa wenye vyeo. Wanawake tulikaa upande wetu. Perpetua alikuwa kando yangu amevaa gauni jipya. Kasiano, mtu mkubwa wa mabega, mwenye ndevu kidogo za mvi, alikaa mbele na kutazama mikono yake.

Mkuu akazungumza juu ya marehemu aliyekiacha cheo. Kisha akamwita Ersin asogee. Nilishika rozari mfukoni.

Ersin alisogea akapiga magoti. "Mkuu," alisema, "kile kiazi hakikuwa mkono wangu. Ilikuwa bahati."

Ukumbi ukanguruma kwa kuridhika. Mzee mmoja akasema, sikieni adabu hiyo.

"Mkuu, nakuomba unisikilize. Mimi sikukipanda."

Wakapiga mapaja. Yule mzee akasema hata babu yake, aliyekuwa bingwa wa kujishusha, hakupata kufika hapo. Hakukipanda! Kimejipanda chenyewe! Mkuu naye alikuwa anatabasamu.

"Kweli tupu nasema," akasema Ersin, sauti ikianza kupanda. "Sikustahili."

Hapo mama mmoja nyuma yangu akajifuta machozi. Perpetua aliniinamia sikioni. "Tusipoangalia, huyu atatangazwa mtakatifu leo leo."

Nusura nicheke na nusura nilie. Ukweli ulikuwa umesimama mbele ya watu wote umevaa nguo za adabu, na hakuna aliyeutambua. Ersin alitazama huku na huku kama mtu anayepiga kelele ndani ya maji. Angeweza kuacha hapo. Alikuwa amesema, mara tatu, mbele ya mashahidi. Nani angemdai zaidi? Nilimwona akilipima hilo. Kisha akasimama, akaenda kwenye nguzo alikoacha kikapu chake, akarudi, na kulaza kile kiazi kilichopinda mbele ya miguu ya Mkuu.

Kicheko kikakatika. Kwetu mtu hamletei Mkuu kiazi cha kikapu. Ni afadhali uje mikono mitupu.

"Huu ndio mkono wangu," alisema Ersin. Akaweka na kile kichwa pembeni. "Na huyu ni baba mkwe wangu, Damian. Vilikuwa mahali pamoja. Nilidhani ni kimoja, nikakuletea chake."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Mkuu alinitazama mimi, kule nilikokaa. Niliinamisha kichwa, na kwa mtu wa umri wake hilo lilitosha. Akafikiri. Kisha akasema, "Kasiano. Njoo uvitazame."

Watu walishtuka, maana kukikagua kiazi cha mwenzio ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuamriwa. Kasiano alisogea polepole. Alipiga magoti, akakwaruza kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, akakwaruza cha pili. Akavinusa. Akakipima kile kidogo kiganjani, kwa upole, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

"Hiki ni cha Damian," alisema, akionyesha kile kichwa. "Nilimwomba kichwa chake miaka ishirini. Akawa ananicheka." Watu wawili watatu walitabasamu kwa kumkumbuka. "Lakini Damian alikufa kabla ya ukame. Marehemu hachoti maji. Kiazi kama hiki, miezi minne bila maji, kimeoza. Nani alikinywesha?"

Ersin akasema ni yeye.

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni changu."

Kasiano akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Mkuu akamwuliza, basi, mjuzi wetu, hukumu ni nini? Ni mkono au ni bahati?

"Mkuu, nimelima miaka arobaini. Sijui."

Nilidhani amemaliza. Alibaki amepiga magoti, anatazama udongo kwenye kucha zake, na aliposema tena alisema taratibu, kama mtu anayehesabu.

"Ukame ule mimi niliacha ardhini viazi tisa vimekufa. Kilichopona ni kile mlichokiona, na kilipona kwa kuwa chini yake kuna chemchemi. Chemchemi sikuichimba mimi. Niliikuta. Miaka kumi na moja nawaambia ni bahati, nanyi mnacheka, na mimi moyoni nacheka nanyi. Mwaka huu sikucheka."

Kando yangu Perpetua alikuwa analikunja gauni lake jipya kwa vidole.

Mkuu akavitazama tena vile viwili. Halafu akasema kiazi cha watu sita kimekwenda na marehemu, na marehemu hapewi cheo. Kinachofuata kwa ukubwa ni cha watu wanne. Akalitamka jina la cheo, zima zima, jinsi linavyotamkwa mara moja tu katika maisha ya mtu, na kwa mkono wake akaonyesha kifuu kipelekwe kwa Kasiano. Ndivyo ilivyo: anayekinywa kifuu hicho, cheo ni chake, na hakirudi.

Nikaona mgongo wa Merihna ukilegea. Mimi nilikuwa nimeshaanza, moyoni, kumkunjia nguo za mtoto za kwenda nazo Kitti.

Kasiano alikipokea kifuu kwa mikono miwili. Alikitazama. Sakau ilikuwa imejaa mpaka ukingoni na haikumwagika hata tone, ile mikono ilikuwa imetulia vile. Kisha akageuka pale pale alipopiga magoti, akakiweka kifuu mikononi mwa Ersin, akavifunga vidole vya kijana kukizunguka kwa vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, kama unavyomfundisha mtu kushika jembe.

Ersin aliinua kichwa. Alimtazama Mkuu. Ukumbi mzima ulimtazama Mkuu. Mkuu akafumba macho, na kushusha kidevu chake kifuani mara moja, kwa kukubali.

"Kunywa," mtu akanong'ona, nadhani ni Merihna, na Ersin akanywa.

Kabla Mkuu hajaondoka, hakuna anayeondoka ukumbini. Mtoto mdogo analijua hilo. Kasiano alisimama. Alipita katikati ya mawe ya sakau, na vijana waliokuwa wanaponda wakasogeza magoti wampishe. Perpetua alimwita kwa jina lake, chini chini. Akafika ukingoni, akavaa ndala zake, akachomoa panga lake kutoka mahali lilipochomekwa, akatoka mvuani, akashika njia ya shambani kwake.